Mafuta ya Difu: Amana Iliyofichika Chini ya Gari



Katika nyumba zetu nyingi za Pwani, gari si pambo la uani. Ndilo linalompeleka bibi kliniki, ndilo linalowakusanya watoto wa ndugu watatu kwenda chuoni, na ndilo linalojazwa watu na masufuria pindi kunapokuwa na harusi Malindi au matanga Msambweni. La kustaajabisha ni kuwa wenye magari hayo huikumbuka oili ya injini, huyakumbuka maji ya rejeta, hukumbuka hata manukato ya kutundika kiooni. Lakini ukimwuliza mmoja wao ni lini alipobadilisha oili ya difu kwa mara ya mwisho, aghalabu atakutazama kana kwamba umemsemesha kwa lugha ya ng'ambo.

Sababu yake ni nyepesi. Difu iko chini, nyuma, imefunikwa na vumbi na matope, haina taa ya kuonya kwenye dashibodi wala kijiti cha kupimia. Kimya chake hudhaniwa kuwa ni afya. Fauka ya hayo, magari yetu mengi yameingia bandarini Kilindini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kanuni ya Kenya hairuhusu gari la mitumba lililozidi miaka minane, lakini miaka saba au minane si muda mchache. Na mnunuzi hapati habari yoyote ya mafuta yaliyomo ndani ya difu. Huenda ni yale yale yaliyotiwa kiwandani.

Kazi ya kuyabadilisha ni miongoni mwa kazi za gari ambazo mtu mwenye akili tulivu na vifaa vichache anaweza kuifanya nyumbani kwake kwa muda wa saa moja na nusu. Ina utaratibu wake, na ina hatari zake mbili tatu ambazo hapana budi kuzijua kabla ya kulala chini ya gari.

Difu hufanya kazi gani?

Gari linapokata kona, gurudumu la nje huwa na safari ndefu kuliko la ndani. Chukua gari ambalo nafasi baina ya magurudumu yake mawili ya nyuma ni mita moja na nusu. Likizunguka duara kamili, gurudumu la nje litatembea takriban mita 9.4 zaidi ya lile la ndani, liwe duara ni dogo au ni kubwa. Lau magurudumu hayo yangefungwa kwenye chuma kimoja kisichogawanyika, moja lingelazimika kuburutwa kila kona. Mipira ingelika, vyuma vingepindika, na gari lingekataa kugeuka.

Difu ndiyo inayoondoa dhiki hiyo. Hupokea nguvu ya injini kutoka kwenye propela, huigeuza upande, kisha huigawa kwa magurudumu mawili huku ikiruhusu kila moja kwenda kwa mwendo wake. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipewa hataza ya utaratibu huu mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, miaka mingi kabla ya gari la petroli kuzaliwa. Mpaka leo asili yake haijabadilika.

Ndani ya kasha lile la chuma kuna gia ndogo iitwayo pinioni, inayozungusha gia kubwa ya duara ambayo mafundi huiita kraunwili. Katika magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, pinioni haikukabili kitovu cha kraunwili, bali imewekwa chini yake kidogo. Kwa hiyo meno yake hayabingiriki tu. Hutelezeana na kusuguana kwa shindo kubwa sana. Oili ya kawaida ingekamuliwa baina ya meno hayo na kuacha chuma kikilana na chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa dawa za salfa na fosforasi zinazoweka utando juu ya chuma, na ndiyo maana ina harufu kali ambayo mtu akiinusa mara moja hataisahau. Harufu hiyo si dalili ya kuharibika. Ndivyo ilivyo hata ikiwa mpya.

Tofauti na injini, difu kwa kawaida haina kichujio. Kila chembe ya chuma inayotoka katika meno hubaki humo humo na kuzunguka pamoja na mafuta, ikawa kama mchanga ndani ya unga. Mafuta yenyewe huchoka kwa joto na kwa umri. Na yakipungua kwa kuvuja, hakuna anayejua mpaka sauti itoke.

Kwanza, hakikisha unayo

Si kila gari lina difu ya nyuma. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota Vitz, au Probox isiyokuwa ya magurudumu manne, difu yake imo ndani ya giaboksi na hutumia mafuta ya giaboksi. Mwenye gari la namna hiyo hana kazi ya kufanya huku nyuma. Yanayohusika na makala haya ni yale yanayosukumwa kwa nyuma, kama Hiace na pikapu nyingi za Hilux na Isuzu, pamoja na yale ya magurudumu manne, ambayo aghalabu yana difu mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja na mafuta yake. Chungulia chini: ukiona propela inatoka katikati ya gari na kuingia katika tumbo la chuma baina ya magurudumu, hilo tumbo ndilo difu.

Ama muda wa kubadilisha, kitabu cha gari ndicho hakimu. Makampuni mengi hutaja baina ya kilomita 40,000 na 80,000, na hupunguza muda huo kwa gari linalobeba mizigo mizito, linalovuta trela, au linalopita vumbi na maji. Gari ambalo hujui historia yake, lihesabu kuwa muda wake umekwisha.

Na gari lililopita katika maji ya mafuriko lina hukumu yake peke yake. Juu ya difu kuna kijitundu cha kupumulia. Difu iliyopata moto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho karibu; kijitundu kikiwa kimeziba au nacho kimezama, maji hupenya. Baada ya mvua za masika, mtu aliyevuka dimbwi lililofika kwenye ekseli asisubiri kilomita wala miezi. Afungue atazame siku ile ile au ya pili yake.

Mafuta gani, na kiasi gani

Soma kitabu cha gari, kisha soma chupa. Difu nyingi za nyuma hutaka oili yenye alama ya GL-5, kwa uzito wa 80W-90, 85W-90 au 75W-90. Namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha wepesi wa mafuta wakati wa baridi; ya mwisho huonyesha unene wake yakishapata moto. Kwa joto letu la Pwani, la kutiliwa maanani zaidi ni hiyo ya mwisho.

Hapa tahadhari mbili. Ya kwanza: kuna oili ya GL-4, ambayo ni ya giaboksi nyingi za mkono. Usidhani kuwa mbili hizi ni ndugu wa tumbo moja. GL-4 haina kinga ya kutosha kwa meno ya difu ya namna tuliyoieleza. Na GL-5 ikitiwa katika giaboksi isiyoiafiki, dawa zake zaweza kula vipande vya shaba nyeupe vilivyomo. Ya pili: baadhi ya magari, hasa ya kazi nzito, yana difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure katika matope. Hiyo hutaka oili maalumu, na chupa yake huandikwa herufi LSD. Ukitia ya kawaida, gari litatetemeka na kugunaguna kila kona.

Kiasi hutofautiana, kuanzia kama lita moja hadi tatu kwa magari ya familia. Nunua kwenye duka linalojulikana, chupa yenye kifuniko kisichovunjwa na alama ya KEBS. Bei inayoshangaza kwa urahisi wake ina sababu yake, na sababu hiyo utaikuta baadaye ndani ya difu.

Vifaa

Tayarisha spana au soketi inayoenea bolti barabara. Magari mengi ya Toyota huchukua soketi ya milimita 24, na mengine huhitaji ufunguo wa pembe sita wa milimita 10 unaoingia ndani ya bolti. Tafuta pia washa mpya mbili za bolti hizo, beseni la kupokelea mafuta, pampu ya mkono au mpira mrefu wenye kibaniko na faneli, brashi ya waya, vitambaa vikuukuu, glavu, na kabari mbili za mbao. Ikiwa gari halina nafasi ya kutosha chini, utahitaji jeki na stendi nne za chuma.

Juu ya jeki nitasema waziwazi, kwa sababu hapa ndipo roho za watu hupotea. Jeki imeumbwa kuinua, haikuumbwa kushikilia. Haifai mtu yeyote, awe fundi wa miaka thelathini, kuingia chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Mawe hayatoshi, matofali ya saruji hupasuka bila ya kutoa onyo, na mchanga wa uani hudidimia. Fanya kazi hii kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, gari likiwa juu ya stendi, kabari zimewekwa, na breki ya mkono imevutwa. Kisha lisukume gari kwa mkono kabla ya kuingia chini. Likitikisika, literemshe uanze upya. Watoto wakae mbali, na mtu mzima mmoja awe karibu akujue ulipo.

Pikapu nyingi ziko juu kiasi cha kutohitaji kuinuliwa. Hilo ni bora, maana kipimo cha mafuta ya difu ni sahihi pale tu gari linaposimama sawa. Ukiinua nyuma peke yake, utajaza zaidi au pungufu na hutajua. Ndiyo sababu nimesema stendi nne, si mbili.

Kazi yenyewe

Endesha gari kilomita tano au kumi ili mafuta yapate uvuguvugu na kuchukua uchafu pamoja nayo. Yasiwe ya kuunguza. Lizime, liweke sawa, kisha safisha kwa brashi pande zote za bolti mbili: ya juu, ambayo ni ya kujazia, na ya chini, ambayo ni ya kumwagia. Chembe moja ya mchanga ikiingia leo itasaga kwa miaka.

Sasa lipo jambo moja ambalo ukilishika umepata nusu ya elimu hii: fungua bolti ya juu kwanza. Usiguse ya chini mpaka ya juu imekubali. Bolti ya kujazia iliyokaa miaka minane katika hewa yetu ya chumvi huenda ikawa imeshika kutu. Aliyemwaga kwanza, kisha akashindwa kufungua pa kujazia, amebaki na gari lisilo na mafuta lisiloweza kwenda hata kwa fundi. Ikiwa ya juu imekataa, ipulizie dawa ya kutu, isubiri, ijaribu tena kwa spana inayoshika vyema. Ikianza kuviringika pembe zake, acha. Mafuta bado yamo, gari bado linatembea, lipeleke gereji.

Ya juu ikishafunguka, weka beseni na ufungue ya chini. Mafuta yatatoka kwa nguvu kisha yatapungua. Yaache yatone mpaka yakatike. Wakati huo kagua kijitundu cha kupumulia, kiondoe matope. Kikiziba, joto hujaza hewa ndani, na hewa hiyo husukuma mafuta yapite kwenye sili za ekseli. Mafuta yakipita hapo huangukia breki za nyuma. Kwa hiyo tundu dogo mfano wa punje ya mtama laweza kuwa sababu ya gari kutosimama kwenye mteremko.

Rudisha bolti ya chini na washa mpya, ikaze vyema bila ya kuivunja uzi. Kisha tia mafuta mapya taratibu kwa pampu, au kwa mpira na faneli. Oili hii ni nzito, haitaki haraka. Jaza mpaka yaanze kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu la juu. Yakisimama sawa na ukingo, au chini yake kwa milimita chache, yametosha. Kupita hapo si ihsani kwa gari: mafuta ya ziada hutafuta njia, na njia yake ni hizo hizo sili. Rudisha bolti ya juu na washa yake, futa kila mahali pakauke, endesha mwendo mfupi, na kesho yake asubuhi tazama kama kuna tone jipya.

Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha. Mafuta machafu huidhuru ngozi yakizoeleka. Na kwa anayejiandaa kutawadha, utando mzito ulioganda kwenye kiungo huzuia maji kuifikia ngozi, basi hapana budi kuuondoa kwanza. Glavu huondoa shida zote mbili.

Yasome mafuta ya zamani

Kabla ya kuyafunika, yatazame. Mafuta yaliyotoka ni kitabu cha maisha ya difu. Yakiwa meusi au ya kahawia iliyoiva, hayo ni ya umri. Bolti ya chini ya magari mengi ina sumaku kwenye ncha. Ukiona tope laini la kijivu mfano wa uji, hiyo ni chembe ya kawaida ya meno yaliyosuguana, ifute urudishe. Lakini ukiona vipande vinavyoshikika kwa vidole, au ncha ya jino, jua kuwa ndani kuna kilichovunjika, na mafuta mapya hayataunga chuma. Yakiwa na weupe wa maziwa, maji yameingia. Badilisha, kisha badilisha tena baada ya safari chache, na tafuta yalikopitia.

Sikiliza pia njiani. Mvumo unaopanda unapokanyaga mafuta na kubadilika unapoachia, mgongo wa chuma kila unapoanza kuondoka, au mngurumo usiokoma, zote ni lugha za difu inayolalamika. Anayepandisha sauti ya redio ili asisikie hajaponya kitu. Difu iliyokauka hupata moto, beringi zake hulegea, meno hukatika, na yaweza kukwama ghafla na kuyafunga magurudumu ya nyuma gari likiwa mbioni. Fikiria hilo kwenye barabara ya Malindi, nyuma kuna akina mama na watoto wanane. Abiria hawakukagua gari, walimwamini dereva. Imani hiyo ni deni, na hulipwa kabla ya safari.

Mafuta machafu yaende wapi?

Wapo wanaoyamwaga kwenye mtaro, wapo wanaoyachimbia shimo nyuma ya nyumba, na wapo wanaopaka nguzo na boriti ili kuzuia mchwa. Kila mmoja hudhani lita mbili si kitu.

Tukumbuke tunakaa juu ya nini. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wetu ni jiwe la matumbawe, lenye vijishimo vinavyopitisha maji. Kinachomwagwa uani kwako hakikai uani kwako. Hushuka, na chini ndiko yaliko maji ya visima. Katika mitaa yetu mingi, siku mfereji unapokauka, kisima cha jirani au cha msikitini ndicho kinachonywesha na kutawadhisha. Na kinachomwagwa mtaroni mwisho wake ni baharini, kwenye mikoko ambamo samaki wadogo hukulia. Wazee wa Mombasa hawajasahau mwaka 1988, mafuta yalipomwagika katika mkono wa bahari wa Makupa na mikoko ikafa. Ule ulikuwa msiba mkubwa wa siku moja. Huu wa mitaroni ni mdogo, ila ni wa kila wiki.

Kwa hiyo yatie katika dumu lenye kifuniko, uandike juu yake kwa herufi kubwa kuwa ni mafuta machafu, mtoto asije akalidhania jingine. Usichanganye na petroli wala maji. Kisha yapeleke kwenye gereji au kituo cha petroli kinachokusanya mafuta yaliyotumika na kuyakabidhi kwa wachukuzi wenye leseni ya NEMA. Uliza kabla hujanunua mafuta mapya. Anayekuuzia yapasa pia awe na pa kuyapokelea yaliyochakaa.

Faida isiyouzwa dukani

Andika katika daftari la gari tarehe, kilomita zilizosomeka, na aina ya oili uliyotia. Mstari huo mmoja utakufaa wewe, na siku ukiliuza gari utamfaa mnunuzi, maana kueleza hali ya bidhaa ni sehemu ya uaminifu wa biashara.

Na ikiwa una kijana nyumbani, awe wa kiume au wa kike, mwite akushikie taa. Atajifunza kwa nini bolti ya juu hutangulia, kwa nini jeki haiaminiki, na kwa nini uchafu wetu haufai kuwa kinywaji cha jirani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ya difu ni ufa mdogo, hauonekani mpaka mtu ainame. Basi Jumamosi hii, baada ya kifungua kinywa, inama utazame.

Wabillahi tawfiq.